Hewa Iliyopimwa: Boksi la Sabufa Ndani ya Buti la Gari

Boksi la sabufa linalofungwa ndani ya buti la gari huonekana kwa wengi kuwa kazi ya useremala, kwa kuwa huanza na mbao, gundi na skrubu na kuishia na kapeti jeusi. Lakini kwa hakika kitu kinachotengenezwa na fundi ni ujazo wa hewa, na mbao ni mipaka tu ya ujazo huo. Spika ileile, ikilishwa umeme uleule, hutoa mngurumo safi na wa kina ndani ya boksi moja, na ndani ya boksi lingine lililotofautiana nalo kwa lita kumi au kumi na tano ikatoa kishindo kizito kisichoeleza kama kinachopigwa ni gitaa la besi au ni ngoma. Kwa sababu hiyo, kujenga boksi kwa ajili ya gari mahususi, badala ya kununua lililokwisha kutengenezwa kiwandani, ni kazi ya vipimo kabla ya kuwa kazi ya msumeno, na vipimo hivyo hutokana na mambo manne ambayo si rahisi kuyapatanisha: sifa za spika, umbo la buti, muziki unaopendwa na mwenye gari, na kazi ambazo gari lenyewe hufanya kila siku.

Jambo hili la nne ndilo linaloifanya Pasiansi kuwa mahali pa kufaa pa kulitazamia suala zima. Kata hii ya Manispaa ya Ilemela, iliyoko kwenye njia itokayo katikati ya jiji la Mwanza kuelekea uwanja wa ndege na inayojulikana nchini kwa chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1966, iko karibu na ziwa na si mbali na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Gari dogo la mahali kama hapa hubeba abiria na mabegi yao asubuhi, mchana likapakia gunia la mchele au ndoo za sato zilizofunikwa kwa barafu, na jioni likapeleka familia kwenye harusi. Kwa hiyo buti lake si chumba kitupu kinachosubiri spika, bali ni ghala dogo ambalo spika inaomba kugawiwa nafasi.

Safari inayoanzia kwenye dashibodi

Magari mengi yanayotembea Mwanza yaliingizwa nchini yakiwa yametumika Japani, na asili hiyo ndiyo inayowafikisha wamiliki wengi kwa fundi wa muziki hata kabla hawajafikiria besi. Nchini Japani matangazo ya redio ya FM yalipangiwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, na baadaye yakaongezwa hadi 95, ilhali vituo vya Tanzania hutangaza kati ya megahezi 88 na 108. Redio iliyokuja na gari hunasa, kwa hiyo, kipande kidogo tu cha vituo vya hapa. Mmiliki hulazimika ama kufungiwa kifaa kidogo cha kubadilisha masafa, ama kuiondoa redio hiyo na kuweka nyingine yenye kioo na bluututhi ya kuunganisha simu, na redio hiyo mpya huwa na matundu ya nyuma ya kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya. Dashibodi ikishafunguliwa na nyaya zikishaonekana, hatua ya kutoka kubadili redio hadi kile ambacho vijana hukiita kufunga mziki huwa fupi.

Neno sabufa lenyewe linahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa majumbani hutumika kwa seti nzima ya muziki yenye spika mbili ndogo na boksi moja kubwa, wakati katika gari humaanisha spika moja, ambayo mara nyingi huwa na kipenyo cha inchi 10 au 12, iliyoundwa kwa sauti nzito pekee, yaani sauti zenye mitetemo kati ya takriban 20 na 100 kwa sekunde. Idadi ya mitetemo kwa sekunde hupimwa kwa hezi, na ili kuipata picha yake inatosha kukumbuka kwamba waya mnene zaidi wa gitaa la besi la nyuzi nne, gitaa lililoubeba muziki wa dansi wa Tanzania kwa miongo mingi, hutetemeka kwa takriban hezi 41. Spika ndogo za milangoni haziwezi kuifikisha sauti hiyo kwa nguvu ya kutosha, kwa kuwa sauti nzito hudai kusukumwa kwa hewa nyingi, na kusukuma hewa nyingi hudai eneo kubwa la karatasi ya spika na mwendo mrefu wa kwenda mbele na kurudi nyuma.

Kwa nini spika huhitaji nyumba

Karatasi ya spika inaposukuma hewa ya mbele, wakati huohuo huivuta hewa ya nyuma, na kwa kuwa mawimbi haya mawili yamepingana, yakikutana huuana. Kwa sauti nyembamba, ambazo mawimbi yake ni mafupi, kukutana huko hakuna madhara makubwa. Lakini sauti ya hezi 40, katika hewa inayosafiri mita 343 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 8.6, urefu unaozidi gari lenyewe mara mbili, kwa hiyo wimbi la nyuma huzunguka ukingo wa spika na kulifuta la mbele kabla halijamfikia msikilizaji. Spika ya inchi 12 iliyowekwa juu ya meza bila boksi hutikisika kwa nguvu na bado haitoi besi yoyote ya maana, na mtu asiyejua sababu huweza kudhani kwamba ameuziwa spika mbovu.

Kwamba uwazi uliofungwa hubadili sauti ni elimu ya zamani katika ukanda huu kuliko umeme. Katika makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyoasisiwa na Padri David Clement mashariki ya jiji la Mwanza ili kuhifadhi urithi wa Wasukuma, zimetunzwa ngoma za watemi ambazo miili yake ni magogo yaliyochimbwa ndani, na mchongaji wa ngoma hizo alijua kwamba ngozi peke yake haitoshi, kwa kuwa kina cha uwazi na upana wa mdomo wake huchangia kuamua kama ngoma itanguruma au italia. Vyama vya Bagika na Bagalu, ambavyo mashindano yao ya ngoma yamerithishwa tangu karne ya 19 na ambavyo mshindi wao hujulikana kwa ukubwa wa umati uliovutwa, vilitegemea elimu hiyohiyo kuifikisha sauti mbali bila chombo chochote cha kuikuza.

Kilichofanywa na wanasayansi wa karne ya 20 ni kuigeuza elimu hiyo kuwa hesabu. Albert Thuras wa maabara ya Bell nchini Marekani alipata hataza mwaka 1932 kwa boksi lenye tundu, ambalo hulitumia wimbi la nyuma badala ya kulitupa. Edgar Villchur alionyesha mwaka 1954 kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya boksi dogo lisilopitisha hewa inaweza kuwa springi bora ya kuizuia karatasi ya spika isipitilize. Na Neville Thiele wa Australia, katika maandishi ya mwaka 1961, pamoja na Richard Small aliyeiendeleza kazi hiyo mjini Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliweka vipimo ambavyo leo huchapishwa kwenye karatasi inayokuja ndani ya katoni ya spika. Vipimo vitatu kati ya hivyo vinamtosha fundi kuanzia kazi: Fs, ambayo ni mtetemo unaotokea spika inapotikisika yenyewe bila boksi, Qts, ambayo huonyesha jinsi spika inavyojizuia baada ya kusukumwa, na Vas, ambayo ni kiasi cha hewa chenye ulaini sawa na ule wa kingo zinazoishikilia karatasi ya spika. Karatasi hiyo ya vipimo, ambayo mara nyingi hutupwa pamoja na katoni, ina thamani kuliko kibandiko cha rangi kinachotangaza maelfu ya wati.

Kuziba au kutoboa

Maboksi yanayojengwa kwa ajili ya magari ni ya aina nyingi, lakini mawili ndiyo yanayotawala. La kwanza ni boksi lililozibwa, ambalo halina mwanya wowote, ambalo kwa spika ya kawaida ya inchi 12 hutosheka na lita 28 hadi 35, na ambalo sauti yake hufifia polepole kadiri inavyozidi kuwa nzito. La pili ni boksi lenye tundu, ambamo bomba au mfereji wa mbao huunganisha hewa ya ndani na ya nje, hewa iliyomo kwenye bomba ikawa kama uzito na hewa iliyomo kwenye boksi ikawa kama springi, na viwili hivyo kwa pamoja vikaitikia mtetemo mmoja kwa nguvu kubwa, kama chupa inavyovuma ikipulizwa mdomoni. Karibu na mtetemo huo boksi lenye tundu hutoa sauti kubwa kuliko lililozibwa kwa umeme uleule, lakini huhitaji nafasi karibu maradufu, na chini ya mtetemo huo karatasi ya spika hukosa kizuizi na inaweza kupigapiga hadi ikaharibika, isipokuwa kama amplifaya ina kichujio cha kukata sauti zilizo chini mno.

Uchaguzi kati ya aina hizi mbili haupaswi kufuata mazoea ya karakana, bali vipimo vya spika na muziki wa mwenye gari. Spika yenye Qts iliyo chini ya takriban 0.4 kwa kawaida hufaa boksi lenye tundu, na ile iliyo kati ya 0.4 na 0.7 hufaa kuzibwa. Kwa upande wa muziki, singeli, iliyozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale na ambayo mwaka 2017 ilivushwa hadi upande wa pili wa Ziwa Victoria na kutolewa Kampala katika mkusanyo wa Sounds of Sisso, huenda kwa kasi ya mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, maana yake kila pigo hufuatwa na lingine baada ya sekunde 0.2 hadi 0.3. Boksi lenye tundu, ambalo hewa yake huendelea kuvuma kwa muda baada ya pigo kukoma, huyachanganya mapigo hayo yakawa ukungu mmoja, wakati boksi lililozibwa huyatenganisha. Kinyume chake, bongo fleva ya mwendo wa wastani na dansi lenye gitaa la besi linalotembea taratibu hunufaika na mvumo wa tundu.

Umbo la gari nalo lina kauli yake. Katika gari lisilo na ukuta kati ya viti na buti, kama Toyota IST, Vitz au Passo, chumba chote hufanya kazi kama boksi la pili, kwa kuwa wimbi linapokuwa refu kuliko mara mbili ya urefu wa chumba, hewa yote hubanwa na kulegezwa kwa pamoja na msukumo wake huongezeka kadiri sauti inavyozidi kuwa nzito. Kwa chumba chenye urefu wa mita 2.5 ongezeko hilo huanza karibu na hezi 69, na kwa kuwa linakuja mahali palepale ambapo boksi lililozibwa huanza kufifia, vitu viwili hivyo hufidiana karibu kikamilifu. Ndiyo maana boksi dogo ndani ya IST linaweza kuwashangaza wanaotarajia besi itoke kwenye boksi kubwa. Katika gari la sedani kama Crown, Mark X au Premio, ukuta wa chuma na mgongo wa kiti huitenga hewa ya buti na ya chumba, na fundi asiyeiachia sauti njia ya kupita, kwa kuelekeza spika au tundu kwenye uwazi wa mgongo wa kiti au wa rafu ya nyuma, huishia kulitikisa bamba la namba huku abiria wa kiti cha mbele wakiambulia kidogo.

Hesabu ya lita hamsini

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi vipimo vinavyojibana. Mwenye gari anapotaka boksi lenye tundu la lita 50 kwa spika moja ya inchi 12, na nafasi iliyobaki baada ya kuacha sehemu ya mizigo ikawa sentimita 60 kwa 35 kwa 35, ubao wenye unene wa milimita 18 hupunguza kila kipimo cha nje kwa sentimita 3.6, ukabaki ujazo wa ndani wa sentimita 56.4 kwa 31.4 kwa 31.4, yaani lita 55.6. Hesabu haiishii hapo, kwa kuwa sumaku na chasisi ya spika hula takriban lita mbili na nusu, na bomba la tundu hula karibu lita tatu nyingine. Ni baada ya kuvitoa hivyo ndipo lita 50 zinapopatikana. Fundi anayepima kwa nje, au anayesahau kwamba spika na bomba navyo vina miili, hukabidhi boksi ambalo kwa macho ni sahihi na kwa sikio ni dogo.

Bomba nalo lina hesabu yake. Ili hewa ya lita 50 iitikie hezi 35 kupitia bomba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10, bomba hilo linapaswa kuwa na urefu wa takriban sentimita 31, baada ya kutoa kile kipande cha hewa ya miishoni ambacho hutetemeka pamoja na bomba ingawa kiko nje yake. Kwa kuwa kina cha ndani cha boksi ni sentimita 31.4, bomba lililotobolewa upande wa mbele lingekaribia kugota kwenye ukuta wa nyuma na kuzibwa, hivyo halina budi kutokea kwenye ubavu mfupi na kulala kwa urefu wa boksi, na spika ikasogezwa upande wa pili. Anayekata bomba kwa kufuata nafasi iliyobaki, badala ya kuibadili nafasi ili ilifuate bomba, hulipandisha boksi hadi hezi 45 au 50 bila kukusudia, na hapo ndipo panapozaliwa ile besi ya noti moja inayosikika vilevile katika kila wimbo.

Mwanza huongeza tanbihi mbili kwenye hesabu hizi. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 13 ikilinganishwa na ya pwani. Kwa kuwa ugumu wa springi ya hewa hutegemea kanieneo, boksi lililozibwa hapa huwa na springi laini kidogo kuliko boksi lilelile likiwa Dar es Salaam, na mtetemo wake hushuka kwa asilimia chache. Boksi lenye tundu haliguswi na tofauti hiyo, kwa sababu mtetemo wake hutegemea mwendo wa sauti, ambao haubadiliki kwa mwinuko bali kwa joto. Lakini joto nalo lipo: gari lililoegeshwa juani likafikia nyuzi 50 za Selsiasi ndani yake huuongezea mwendo wa sauti karibu asilimia 5, na boksi lililoitikia hezi 35 asubuhi huitikia karibu hezi 37 mchana. Mabadiliko haya ni madogo na hayahitaji kurekebishwa, ila yanathibitisha kwamba kinachofanya kazi ndani ya boksi ni hewa, nayo hutii hali ya mahali ilipo.

Mbao, maji ya samaki na vumbi

Ubao unaopendwa zaidi kwa kazi hii ni MDF ya milimita 18, yaani ubao unaotengenezwa kwa nyuzi laini za mbao zilizochanganywa na gundi na kubanwa kwa joto, ambao huuzwa kwa shiti ya futi 4 kwa 8 yenye uzito unaokaribia kilo 40. Sifa yake ni usawa: hauna fundo wala mwelekeo wa nyuzi, hukatika kwa ukingo safi, na kwa uzito wake hautetemeki ovyo pamoja na spika. Udhaifu wake ni maji, kwa kuwa ukinyonya unyevu huvimba, kingo zikafumuka na skrubu zikakosa mshiko, na katika gari linalobeba samaki wenye barafu udhaifu huo ni hasara ya uhakika. Plaiwudi nzuri yenye tabaka nyingi huvumilia unyevu zaidi na ni nyepesi, na kwa gari la namna hiyo ndiyo chaguo la busara. Anayebaki na MDF hana budi kuipaka vanishi au rangi ya mafuta pande zote, hasa kwenye kingo zilizokatwa, na kuliinua boksi juu ya vipande vya mpira ili maji yanayovuja kutoka kwenye ndoo yapite chini bila kuligusa.

Ujenzi wenyewe ni kazi ya subira. Vipande hukatwa vyote kwa pamoja ili vilingane, vikaunganishwa kwa gundi nyeupe ya mbao na skrubu zilizotangulizwa na matundu membamba ili ubao usipasuke. Upande wa mbele, unaobeba spika, hufanywa wa mbao mbili zilizobandikwa pamoja. Na fito za ndani huunganisha kuta zinazotazamana, kwa kuwa ukuta unaotetemeka hupoteza nguvu ambayo ingepaswa kuwa sauti. Viungo vyote huzibwa kwa ndani kwa silikoni, ambayo huachwa ikauke kabisa kabla spika haijafungwa, kwa kuwa mvuke wake mbichi unaweza kudhuru gundi ya kingo za spika. Mvujo hutafutwa kwa moshi wa ubani unaopitishwa taratibu kwenye viungo wakati spika inapigwa kwa sauti ya chini, na moshi ukipeperuka mahali, pana mwanya. Kwa boksi lililozibwa, karatasi ya spika ikisukumwa polepole kwa vidole vilivyotandazwa hurudi kwa kusitasita, na ikirudi ghafla kama isiyo na kizuizi, hewa inatoka mahali fulani.

Vumbi linalotoka kwenye msumeno na msasa halipaswi kupuuzwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na mwaka 2004 likaiorodhesha pia formaldehaidi, kemikali iliyomo katika gundi inayotumika kutengenezea MDF. Kazi hiyo yafaa ifanyike nje au penye upepo, na fundi afunike pua na mdomo kwa barakoa inayobana, si kwa fulana iliyofungwa usoni.

Umeme wa kuilisha besi

Boksi likikamilika, swali linalofuata ni umeme, na hapa namba za kwenye katoni hupotosha kuliko mahali pengine popote. Wati zinazoandikwa kwa herufi kubwa ni za kilele, yaani nguvu inayovumilika kwa sehemu ndogo ya sekunde, na wati za kuzitegemea ni zile za mfululizo, ambazo mara nyingi huwa nusu au hata robo yake. Amplifaya inayotoa wati 300 za mfululizo, ikiwa ya daraja la D linalogeuza karibu asilimia 80 ya umeme kuwa sauti, huvuta takriban ampea 27 inapofikia nguvu hiyo, na ikiwa ya daraja la AB huvuta karibu ampea 40, huku oltaneta za magari madogo mengi zikiwa na uwezo wa ampea 60 hadi 100 ambao haupatikani wote injini inapozunguka polepole kwenye foleni. Taa zinazofifia kwa kila pigo la besi ni ishara kwamba mahitaji yameupita uwezo.

Waya mkuu hutoka betri hadi buti kwa urefu wa karibu mita 5, na kwa kiasi hicho cha umeme unapaswa kuwa na shaba ya milimita za mraba 16 hivi. Waya wa aluminiamu uliopakwa shaba, unaouzwa kwa bei nafuu ukiwa na ganda nene linaloficha wembamba wa nyuzi, hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba halisi. Fyuzi huwekwa karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya usishike moto ukichunika na kugusa bodi ya gari, na fyuzi iliyowekwa butini huiacha mita 5 nzima bila ulinzi. Waya wa ethi hufungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, na mwelekeo wa spika huhakikishwa kwa betri kavu ya tochi ya volti 1.5, ambayo ikigusishwa chanya kwa chanya huifanya karatasi ya spika itoke nje, na ikigusishwa kinyume huifanya iingie ndani.

Kabla ya kapeti kupigwa hubaki jambo moja linalosahaulika. Boksi la lita 50 pamoja na spika yake huzidi kilo 20, na katika ajali mzigo huo usiofungwa huruka mbele kwa nguvu ya mamia ya kilo na kuukuta mgongo wa abiria wa nyuma. Kwa hiyo boksi lazima lishikwe kwa bolti au mikanda kwenye chuma cha gari. Wakati huohuo tairi la akiba, ambalo katika magari mengi madogo hulala chini ya sakafu ya buti, lazima liweze kufikiwa, na mahitaji haya mawili hupatanishwa kwa bolti za mabawa zinazofunguliwa kwa mkono na soketi ya waya inayochomolewa bila bisibisi.

Sauti inayotoka nje ya gari

Muziki wa magari haujawahi kuwa jambo la mwenye gari peke yake. Jijini Nairobi, ambako matatu zenye michoro na besi nzito zimekuwa utamaduni wa mjini, serikali ilizibana kwa kanuni za usafiri zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, na miaka kumi baadaye, mwaka 2014, michoro ikaruhusiwa tena kwa kutambuliwa kuwa ajira ya vijana. Kelele, hata hivyo, ilibaki kuwa malalamiko ya abiria. Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ilitunga mwaka 2015 kanuni za viwango vya kelele na mitetemo, zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, na mitetemo imetajwa humo kwa haki, kwa sababu sauti nzito hupenya ukuta wa nyumba kwa urahisi kuliko sauti ya mwimbaji.

Sikio la dereva nalo lina kiwango chake. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini huruhusu desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka huupunguza muda huo kwa nusu, kiasi kwamba desibeli 100 huvumilika kwa dakika 15 tu kwa siku. Nambari hiyo ya desibeli 3 ina maana nyingine kwa fundi, kwa kuwa ndiyo ongezeko linalopatikana nguvu ya amplifaya inapofanywa maradufu. Na boksi lililopimwa sawasawa, ambalo hewa yake inaitikia pale muziki unapokaa, linaweza kutoa ongezeko hilo au zaidi bila wati moja ya ziada, kwa ampea zilezile na waya uleule.

Hapo ndipo ubovu wa vipimo unapolipiwa. Boksi lililokosewa husikika dhaifu ndani ya gari, mwenye gari akaongeza sauti, kisha akanunua amplifaya kubwa zaidi, kisha betri ya pili, na nguvu yote hiyo ikaishia kutikisa bati la buti na bamba la namba, mitaa miwili ikaisikia kabla abiria hawajaufurahia wimbo. Kilichokosekana tangu mwanzo kilikuwa lita kadhaa za hewa na sentimita chache za bomba, kazi ambayo futikamba, kalamu na ile karatasi iliyotupwa pamoja na katoni vingeimaliza kwa nusu saa kabla ubao wa kwanza haujakatwa.